Mhariri, hela ya kaunti haioti kwenye kaunti

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu nikiwa Kasulu, enzi hizo likitufikia limechelewa siku mbili na kona zimekunjamana, na siku hizi nalisoma kwenye simu hapa Iowa, wakati wa mapumziko jikoni. Mimi ni mpishi wa shule. Miaka yote hiyo sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Lakini ile taarifa yenu ya mwezi wa kumi kuhusu kufungwa kwa serikali ya Marekani imenikaa rohoni, na kwa kuwa Desemba hii ya 2025 inakatika na hamjaisahihisha, siwezi tena kunyamaza.

Unaikumbuka. Kichwa cha habari kilisema Marekani imefunga milango. Halafu ndani mwandishi wenu akawatuliza wasomaji: majimbo 50 yana magavana wao, mabunge yao na bajeti zao, kwa hiyo mwananchi wa kawaida asiwe na hofu, huo ni ugomvi wa wakubwa wa Washington. Kichwa kilikuwa kibaya. Hayo ya ndani yalikuwa mabaya zaidi, na nitakueleza yalivyotuumiza.

Kuwa na bajeti ni jambo moja, na hela ya kuijaza bajeti ni jambo jingine. Serikali kuu ya Marekani hupeleka kwa majimbo, kaunti na miji zaidi ya dola trilioni 1 kila mwaka, na Katiba yao imeandika wazi kwamba fedha haitoki hazina mpaka iwe imeidhinishwa kwa sheria. Ndiyo maana kila mwaka, kabla ya Oktoba 1, Bunge lao linatakiwa kupitisha miswada 12 ya matumizi. Muswada wa kilimo unabeba kadi ya chakula ya SNAP, yaani msaada wa kununulia chakula kwa watu wa kipato cha chini, na chakula cha watoto shuleni. Wa kazi, afya na elimu unabeba msaada wa kupasha nyumba joto, shule za watoto wadogo za Head Start, na hela ya ziada kwa shule zenye watoto wengi wa familia maskini. Wa uchukuzi na makazi unabeba ruzuku ambayo miji imekuwa ikipewa tangu 1974 kukarabati mitaa ya watu wa kipato cha chini. Mwaka huu Oktoba 1 ilifika na hakuna muswada hata mmoja kati ya hiyo 12 uliokuwa umekuwa sheria, ndipo serikali kuu ikafungwa. Hapo ndipo mwandishi wenu alipotuambia tulale usingizi.

Mimi hayo nimeyajua kwa kuhesabu trei. Mtoto akipita kwenye kaunta yetu anabonyeza namba yake, trei inahesabiwa, na jioni msimamizi wangu anajumlisha. Hesabu inakwenda jimboni, jimbo linaipeleka Wizara ya Kilimo, na kwa kila trei ya mtoto anayekula bure zinarudi zaidi ya dola 4. Mpango huu ulianza na sheria ya chakula cha shule ya 1946. Gavana hatoi mfukoni mwake, wala kaunti. Trei ikisahauliwa kuhesabiwa, hela yake haiji. Mpishi anajua hili, na mwandishi wa gazeti kubwa ameshindwa kupiga simu moja kuuliza.

Sasa nikupe kisa chenyewe. Nina jirani, mama wa miaka 71, mzaliwa wa Uvira, Kongo, aliyekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Ana kadi yake ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, hana gari, Kiingereza hakipandi. Jumamosi namsomea habari, na gazeti lako ndilo analolipenda kwa sababu Kiswahili chake anakielewa chote. Ile taarifa yenu nilimsomea mimi mwenyewe, neno kwa neno, nikamwambia, "Umesikia mama, haitugusi." Novemba 4 nikamsindikiza dukani. Alichukua mfuko wa mchele wa pauni 20, unga wa mahindi, maharage, mafuta na kuku mmoja. Keshia akapitisha kadi, ikakataa. Akapitisha tena, ikakataa. Salio sifuri. Nyuma yetu foleni imefika kwenye majokofu, na mama amesimama na pochi yake wazi akiniangalia mimi, siyo keshia, mimi, niliyemwambia haitugusi. Tulirudisha kuku kwanza. Kisha mafuta. Nikalipia mchele na unga, na njia nzima hakusema neno.

Keshokutwa yake akanitaka nimpeleke ofisi ya misaada. Kulikuwa na watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Dirishani alikuwepo dada mmoja, kijana tu, macho mekundu, akimweleza kila mtu kwamba hela haijashuka kutoka Washington. Mama akagonga kioo kwa ile kadi yake na kusema kwa sauti, "Wamekula. Hawa wamekula hela yetu. Jimbo lina hela yake, gazeti limesema." Yule dada akanigeukia: anasema nini? Mhariri, mimi ndiye niliyekuwa mkalimani hapo. Nikasema, anauliza ni lini. Nilidanganya kwa sababu sikuwa na namna ya kumtafsiria mtu aliyeshinda amesimama tangu asubuhi kwamba mwizi ni yeye. Lakini ningemlaumu vipi mama? Kambini mgawo ulipopunguzwa watu walitafuta aliyekula, na wakati mwingine alikuwepo. Mtu aliyeishi hivyo miaka yote, ukimwandikia kwamba jimbo linajitegemea na kesho asikute chakula, atamshika yupi shati? Atamshika aliye karibu. Kwenye maegesho ya magari, ndugu zetu wawili walikuwa wakisema hivyo hivyo, kwamba kaunti imekalia hela, na mmoja wao alionyesha simu. Lilikuwa gazeti lako.

Ukweli ulikuwa mwepesi kuandika. Chakula chote kinachowekwa kwenye kadi ya SNAP hulipiwa na serikali kuu. Jimbo linaendesha ofisi, na gharama ya kuendesha wanagawana nusu kwa nusu. SNAP ni haki ya mtu kisheria, lakini fedha yake inapitia muswada wa kilimo mwaka hata mwaka, kwa hiyo muswada ukikwama, haki ipo na kadi ni tupu. Pensheni ya Social Security yenyewe haisubiri miswada hiyo, ndiyo maana wazee walipata ile wakakosa hii, wakachanganyikiwa. Watu kama milioni 42 nchi nzima wanategemea kadi hiyo. Serikali kuu ikafungwa siku 43, mpaka Novemba 12. Ninyi mkaandika kwamba ni ugomvi wa wakubwa.

Kichwa cha habari nacho kilikuwa na madhara yake. Waliosoma "Marekani imefunga milango" hawakwenda kabisa kujiandikisha msaada wa joto. Msaada huo, ulioanzishwa 1981, hutoka Washington kwa jimbo kama ruzuku, jimbo likaipeleka kwa mashirika ya kijamii ya kila eneo, na mwaka huu ruzuku ilichelewa kwa sababu ya kufungwa huko. Lakini maombi yalikuwa yakipokelewa! Na hapa Iowa ukishathibitishwa kwamba unastahili, kampuni hairuhusiwi kukukatia umeme wala gesi kuanzia Novemba 1 mpaka Aprili 1. Ile karatasi ya kuthibitishwa ina thamani hata kabla hela haijafika. Najua familia tatu hapa mtaani kwetu ambazo hazikwenda kwa sababu walisikia kumefungwa. Moja ina mtoto wa miezi mitano. Tuliwapeleka wiki iliyopita, theluji imefika kwenye vifundo vya miguu.

Nikiwa bado kwenye hasira hii, kuna jambo jingine linalonikera siku nyingi, nalo ni namna mnavyoyatumia maneno. Mnaandika "jimbo" bila kueleza. Mtanzania akisoma jimbo anamwona mbunge na eneo lake la uchaguzi. Mkongo anaona mkoa mkubwa wenye gavana wake. Mkenya anajiuliza kama ni kaunti. Kisha mnaandika "serikali imetoa msaada", serikali ipi? Hapa zipo tatu juu ya kichwa cha mtu mmoja, ya Washington, ya jimbo, na ya kaunti au mji, na wakati mwingine ya juu inairuka ya kati: hela ya Head Start inatoka Washington moja kwa moja mpaka kwa wanaoendesha shule, haipiti kwa gavana. Mwezi wa tisa mliweka picha ya daraja la barabara kuu mkaliita mradi wa jimbo. Barabara hizo kuu za kuvuka majimbo, kwa kawaida serikali kuu hubeba asilimia 90 ya gharama, na sehemu yake ni senti 18.4 tunazokatwa kwenye kila galoni ya petroli, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1993. Anayejaza mafuta gari lake kwenda kazini usiku amelichangia lile daraja. Mwandikeni hivyo.

Tena hili halitapungua. Sheria iliyotiwa saini Julai 4 mwaka huu inayaongezea majimbo mzigo wa kuendesha ofisi za SNAP kutoka nusu hadi asilimia 75 kuanzia Oktoba 2026, na mwaka mmoja baadaye majimbo yenye makosa mengi ya malipo yataanza kulipia sehemu ya chakula chenyewe. Sheria hiyo hiyo imewaondoa kwenye SNAP wakimbizi ambao bado hawajapata kadi ya kijani. Hao ni wasomaji wako. Ni watoto wa Uvira, Fizi na Bujumbura, na sijaona hata aya moja kwenye gazeti lako.

Ninachotaka ni hiki. Kila mwaka, Jumanne ya mwisho ya Septemba, toeni ukurasa mmoja mzima, bila tangazo, wenye miswada yote 12 kwa Kiswahili: jina lake, umefika wapi, na kitu kimoja tu ambacho unalipia nyumbani kwa mtu. Muswada wa kilimo, kadi ya chakula. Muswada wa kazi na afya, joto la nyumba. Herufi ziwe kubwa ili mzee asome bila miwani, na uwe wa kukatwa kwa mkasi ubandikwe kwenye friji. Mwaka huu mmeshachelewa, kwa hiyo utoeni kabla ya Januari 30, 2026, maana mingi ya miswada hiyo ilipewa fedha za muda tu mpaka tarehe hiyo. Wa kilimo umepitishwa mpaka mwisho wa Septemba 2026, kwa hiyo kadi ya mama ina hela sasa. Mwandikeni na hilo, kwa sababu nikimwambia mimi haniamini tena.

Mpishi wa shule,
Iowa, Marekani