Njia pana ya waenda kwa miguu haizuii gari la zimamoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Kila ikizungumzwa habari ya kupanua njia za waenda kwa miguu katikati ya Jiji la Tanga, husikika swali lile lile: gari la zimamoto litapita wapi? Ni swali la haki, na jibu lake hupimwa kwa futi kamba.

Gari la zimamoto lina upana wa takriban mita 2.5 bila vioo. Mwongozo wa Uingereza unataka barabara ya kulipitisha iwe na upana wa mita 3.7 kutoka ukingo hadi ukingo, na kimo cha mita 3.7 kisicho na kizuizi. Kanuni zinazotumika sana Marekani zinataka upana wa mita 6.1. Kipimo kile kidogo cha Uingereza kinatosha pale gari linapoingia upande mmoja na kutokea mwingine, na barabara za namba za Ngamiani zimenyooka na kukatana kama mistari ya daftari la hesabu. Mtaa wa mita 10 unaweza kubakiza mita 4 za magari na kuwapa waenda kwa miguu mita 3 kila upande. Magari yenye ngazi ndefu ni habari nyingine, kwa sababu hutanua miguu ya kujiegemeza. Mbele ya majengo marefu iachwe sehemu pana zaidi.

Kinacholikwamisha gari hilo ni bajaji zilizoegeshwa kwenye kona, meza za biashara zinazosogea kidogo kidogo kila siku, na turubai au nyaya zilizoning'inia chini. Kona ndiyo mbaya kuliko zote. Magurudumu ya nyuma hukata ndani kuliko ya mbele, kwa hiyo gari moja dogo lililoegeshwa hapo linatosha kumfanya dereva arudi nyuma mara mbili au tatu huku moto ukiendelea. Njia ya waenda kwa miguu itanuliwe hadi kwenye kona ili pasiwe na pa kuegesha, lakini ukingo wa hapo uwe mfupi na wa mteremko, gurudumu zito liweze kuupanda. Nguzo zisisimikwe hapo.

Kosa linalogharimu sana liko chini ya miguu yetu. Pevingi za milimita 60 ni za watu. Panapopita gari zito panahitaji za milimita 80, juu ya kifusi kilichoshindiliwa vizuri, na mifuniko ya mitaro iwe ya kubeba lori. Mwongozo huo wa Uingereza unahesabu tani 12.5 kwa gari la kawaida la zimamoto. Likipanda pevingi nyembamba zinadidimia, mvua ya masika inatuama, na anayejikwaa ni mzee yule yule aliyejengewa njia.

Kuhusu matuta, yapo yale yaliyokatwa vipande ili gari pana liyapite yakiwa katikati ya magurudumu yake. Kwa zimamoto yanafaa, lakini magari yetu ya wagonjwa mengi ni Land Cruiser, na nafasi kati ya magurudumu yake haitofautiani sana na ya gari dogo, kwa hiyo mgonjwa anarushwa vile vile. Bodaboda nazo hupenya kwenye mianya bila kupunguza mwendo. Barabara za kuelekea Hospitali ya Bombo afadhali ziwekewe vivuko vilivyoinuliwa: kimo cha sentimita 10 hivi, mteremko mrefu, juu pawe bapa. Mama mwenye mtoto anavuka bila kushuka, na gari linapanda taratibu.

Mitaa itakayofungwa kabisa iwekewe nguzo za kung'oka, na kufuli zake zote zifunguke kwa ufunguo mmoja uliomo ndani ya kila gari la zimamoto. Hapa pwani chumvi hula chuma haraka. Nguzo isiyotiwa grisi kila mwezi itagoma siku ya moto.

Kabla zege halijamwagwa, mitaa ichorwe kwa chokaa, ziwekwe koni, kisha gari kubwa kuliko yote la zimamoto lipitishwe Jumamosi mchana, soko likiwa limejaa. Dereva wake ndiye aseme ni kona ipi irekebishwe.

Mpangaji miji,
Ngamiani, Tanga