Kabla hamjailipia nyumba ya Mapinga

Leicester, Uingereza

Mdogo wangu,

Salaam nyingi kwako na kwa shemeji. Mama mpe shikamoo yangu, mwambie sisi huku hatujambo, baridi tu.

Picha zote tatu nimeziona: nyumba ya Mapinga, lile pagale la Kerege, na nyumba ya mawe kule Dunda, Bagamoyo mjini. Mchango wangu upo, ila hautatoka kwa mkupuo. Utatoka kidogo kidogo, kila jambo linapothibitika kwa karatasi, ndiyo maana barua hii ni ndefu.

Tuanze na barabara, maana nyinyi wote wawili kazi zenu ziko mjini Dar es Salaam. Kutoka Bagamoyo mjini hadi Posta ni kama kilomita 65, Mapinga ni karibu zaidi. Msihesabu kilomita, hesabuni saa. Barabara pana ya njia nne kutoka Mwenge inaishia Tegeta, na jioni magari yote yanajibana hapo kuelekea Bunju. Kabla ya kuzungumza bei, pandeni daladala ya Bagamoyo pale Makumbusho Ijumaa saa kumi na moja jioni, kisha Jumatatu mtoke Mapinga alfajiri. Andikeni muda kwenye karatasi. Halafu pimeni umbali wa kutoka lami hadi mlangoni. Dalali akisema "dakika tano tu", anasema za bodaboda. Bodaboda ikiwa 2,000 kwenda na 2,000 kurudi, siku 22 za kazi ni 88,000 kwa mtu mmoja, 176,000 kwenu wawili, kila mwezi. Hiyo ni sehemu ya bei ya nyumba ingawa haiandikwi popote.

Mkivuka Mto Mpiji baada ya Bunju mmeshaingia Mkoa wa Pwani. Kwa hiyo michoro ya mipango miji iko Halmashauri ya Bagamoyo, na masuala ya hati yanakwenda ofisi ya ardhi ya mkoa, Kibaha. Anayewaambia atawamalizia Kinondoni, upande wa Dar, muageni kwa adabu.

Sasa hati. Muuzaji wa Mapinga anasema ana hati. Mwombeni nakala ya kurasa zote, siyo ukurasa wenye picha na muhuri tu. Someni muda wa umiliki (miaka 33, 66 au 99), mwaka ulioanza, na matumizi: pameandikwa makazi, au kitu kingine? Kisha pelekeni maombi ya upekuzi kwa Msajili wa Hati, mlipe kwa namba ya malipo ya serikali, mpate majibu ya maandishi. Majibu hayo ndiyo yatakayoonyesha kama nyumba imewekwa rehani benki, au kuna mtu ameweka zuio. Hati halisi mkononi mwa muuzaji haitoshi. Watu wanapoteza hati, wanachukua nyingine, na ile ya zamani inaendelea kuzunguka mitaani.

Upekuzi ukiwa safi, tafuteni mpima ardhi mwenye leseni aje na vifaa vyake. Bikoni, yaani mawe ya mipaka, zinahamishwa. Jirani akijenga ukuta, jiwe linang'olewa na kusimikwa mita tatu mbele, na ninyi mnaonyeshwa jiwe halisi mahali pasipo halisi. Mpima asome namba za bikoni, alinganishe na ramani ya upimaji iliyosajiliwa, awaandikie ripoti fupi. Mwambieni apime na umbali kutoka katikati ya barabara kuu: hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande, na nyumba yenye alama nyekundu ya X, ya kubomolewa, hailipwi fidia kama ilijengwa ndani ya hifadhi. Upande wa baharini, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. "Beach plot" ya bei ya kutupa mara nyingi inaanzia hapo.

Kuhusu Zinga, Kiromo na kando ya Mlingotini, ulizeni halmashauri kwanza kabla hata ya kwenda kuangalia. Yapo maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya bandari ya Bagamoyo na ukanda wa uwekezaji. Mradi umesimama na kuzungumzwa tena miaka mingi, na humo katikati watu wanauziana. Atakayenunua ndani ya eneo ambalo mwenyewe wa zamani alishalipwa fidia, ananunua hewa.

Pagale la Kerege nalo halijapimwa, mmesema. Kama ardhi ni ya kijiji, saini ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Panatakiwa maamuzi ya Halmashauri ya Kijiji, na muhtasari wa kikao mpewe nakala. Na ile asilimia kumi inayodaiwa na viongozi wa mtaa wakati wa kuuziana ni mazoea, siyo kodi. Mkiombwa, ombeni risiti ya serikali, mtaona mazungumzo yanavyobadilika.

Nyumba yenyewe ikagueni mwezi wa nne, masika ikiwa imekolea. Kiangazi kila nyumba ya Mapinga ni nzuri. Nendeni siku moja baada ya mvua kubwa, mwangalie kama maji yamesimama uani na kama shimo la choo limejaa. Shimo linalojaa masika na kushuka kiangazi lina maana maji ya ardhini yako juu, na kunyonya kila mara hakutalitibu. Chukueni msumari mkwaruze tofali sehemu isiyopigwa plasta. Mfuko mmoja wa saruji unatoa tofali 30 hadi 35 za inchi sita zenye nguvu; wanaotaka faida wanafyatua 50, na hizo msumari unazama kama kwenye muhogo wa kuchemsha. Unga mweupe unaotoka ukutani chini ya kiwango cha dirisha ni chumvi. Inawezekana mchanga ulichotwa karibu na bahari, au msingi haukuwekewa karatasi ya kuzuia unyevu. La pili linatibika kwa gharama. La kwanza halitibiki: nondo za lenta zitashika kutu, zitavimba na kupasua zege. Tafuteni nyufa za mlalo juu ya madirisha, hizo ndizo za kutu. Nyufa za ngazi ngazi kwenye kona ni msingi unaoshuka.

Maji: kama ni kisima, osheni mikono kwa sabuni ya kipande. Isipotoa povu, maji ni magumu au yana chumvi. Kama ni bomba la DAWASA, mamlaka ya maji, takeni bili ya mwisho, maana deni hubaki na mita, na ulizeni majirani yanatoka siku ngapi kwa wiki, msimuulize muuzaji.

Nyumba ya Dunda naielewa inavyovutia. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, dari ya boriti za mikoko, ndani ubaridi bila feni. Lakini ina matatizo mawili. La kwanza ni warithi: nyumba kama hiyo huwa na watoto na wajukuu kumi, wengine wako Unguja, wengine Tanga. Anayeuza aonyeshe uteuzi wake wa usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na warithi wote wasaini kukubali. La pili ni plasta. Naona kwenye picha mtu amepaka saruji nje. Ukuta wa chokaa unapumua; saruji inafungia unyevu ndani, chokaa inalainika, na siku ukuta unashuka hausemi. Hiyo plasta itabidi ibanduliwe yote, na kwa kuwa ni mji wa kale, hata ukarabati unahitaji ruhusa ya watu wa Mambo ya Kale. Kwa familia inayoamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala, mimi nasema hapana.

Mkataba uandikwe na wakili wenu, asiwe wa muuzaji. Mke au mume wa muuzaji asaini ridhaa, vinginevyo mauzo yanaweza kubatilishwa. Bei iandikwe ile ile mnayolipa. Muuzaji atawashawishi muandike pungufu ili kodi yake ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida, ipungue. Mthamini atakuja na bei ya soko hata hivyo, na mkigombana mahakamani mtarudishiwa kilichoandikwa. Ushuru wa stempu, asilimia 1, ni wenu. Fomu ni namba 29, 30 na 35; hakikisheni zote zimesainiwa siku ya mkataba, kwa sababu muuzaji akishapata pesa simu yake huwa haipatikani.

Malipo ni benki kwa benki, kwa akaunti yenye jina lililo kwenye hati. Asilimia 10 mkataba ukisainiwa, sehemu kubwa fomu zikipokelewa ofisi ya ardhi, na asilimia 20 ibaki kwa wakili mpaka hati itoke kwa majina yenu.

Na hayo majina, zungumzeni na shemeji mapema. Mkiandikisha umiliki wa pamoja, mmoja akitangulia aliyebaki anachukua yote. Mkiandikisha kwa hisa, fungu la marehemu linakwenda kwa warithi wake. Mama asikilizwe kwenye hili.

Nikipata nakala ya hati ya Mapinga na majibu ya upekuzi, nitatuma pesa ya mpima siku hiyo hiyo. Nakala ipigwe picha kila ukurasa, mbele na nyuma.

Kaka yako