Barua kwa dada Tanga: magoli ya plastiki siyatumi

Hamburg, Juni

Dada, shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yangu, na shemeji msalimie sana. Huku tu wazima. Baridi imetuachia kidogo, watu wamelala kwenye majani vifua wazi utadhani wako ufukweni Raskazone.

Maombi ya wapwa zangu nimeyasikia: magoli ya plastiki, mpira wa ngozi na gari la rimoti. Mpira umepata mbebaji, yuko mtu anakuja huko mwezi ujao. Magoli na gari, hapana. Shemeji atasema ubahili umenishika, mwache aseme. Gari la rimoti likiharibika, mtoto hana la kulifanya ila kulia. La waya likipinda analinyoosha mwenyewe, na jioni utamkuta analitengenezea keria.

Halafu ua mnao. Kwenye ua wa jengo letu kimepachikwa kibao: marufuku kucheza mpira. Jumapili ndiyo kabisa, kila mtu anataka kimya. Wajerumani walikuwa wakishitakiana kwa ajili ya makelele ya watoto, mpaka mwaka 2011 ikabidi sheria iseme wazi kwamba sauti za watoto kwenye chekechea na viwanja vya kuchezea, kwa kawaida, zisihesabiwe kero. Hapo Ngamiani jirani anakuja kugomba, kisha anavuta kigoda anatazama mechi.

Kwa hiyo likizo hii Bakari na afunge mpira wake mwenyewe wa chandimu, ule wa ngozi utamkuta ameshajifunza. Sisi tulijazia mifuko ya rambo, lakini tangu ilipopigwa marufuku Juni 2019 atafute kingine. Achukue soksi kuukuu aishindilie sponji ya godoro bovu, aizungushie matambara kwa kuyavuta, kisha juu asuke wavu wa katani. Siri iko kwenye wavu: kila kamba inapopishana na nyingine, fundo. Akiruka mafundo, mpira utakuwa na tumbo upande mmoja na kila shuti litaenda kwa mama jikoni. Katani hawezi kuikosa, Tanga ikikosa katani basi tena. Hata mbegu ya mkonge ilipita mji huu ninaokaa: Mjerumani Hindorf aliagiza miche Florida, ikaja kupitia Hamburg, na iliyofika hai Pangani mwaka 1893 ilikuwa 62 tu.

Magoli ni kandambili mbili kila upande. Ubishi wa kama mpira umepita juu au ndani ndio nusu ya utamu.

Gari Zuberi asaidiwe na baba yake. Waya wa kufungia nondo unafaa, laini, na penye ujenzi vipande havikosekani; waombe kwanza lakini, wasijiokotee. Wapinde umbo la chini, halafu kichwa, halafu bodi. Tairi zikatwe kwenye kandambili zilizokatika, na kisu akishike shemeji, si mtoto. Ekseli ya mbele iunganishwe na fimbo ndefu yenye usukani wa duara juu, ili dereva aendeshe amesimama. Magari mengi ya watoto niliyoyaona yana fimbo fupi, na dereva anatembea ameinama kama anatafuta shilingi.

Sasa Mwanaidi. Dada, nakuomba usiwaachie wavulana ua wote. Chandimu ikianza wasichana husogezwa ukutani, tunaona kawaida. Wakitoka madrasa, zamu ya kwanza iwe ya rede. Mpira wa soksi tupu, laini, usio na katani, na chupa ya kujaza mchanga katikati. Anayejaza chupa huku anakwepa mpira kutoka pande mbili ana wepesi ambao kipa wa chandimu hana. Bakari akitaka kuingia aingie, atapigwa mpaka ashike adabu.

Tiara wasirushie hapo nyumbani, nyaya za umeme ziko karibu mno. Kusi ndiyo hiyo imeshika, wapelekwe ufukweni. Njiti za ufagio, gazeti, gundi ya uji mzito wa ngano, na mkia mrefu wa vitambaa. Likizungukazunguka, waongeze mkia.

Kwenye begi la mpira natia koleo dogo la mdomo mwembamba na mkasi wa kukatia bati. Hivyo ni vya nyumba nzima, viwekwe juu ya kabati na virudishwe pale pale. Video ya gari nitumieni likishatembea, hata kama linakwenda upande.

Na wewe dada, tangu leo kandambili zako usiziache mlangoni.

Wasalaam,
Mdogo wako