Shoga, Uhuru mwaka huu nimeiona na bibi

Shoga yangu wa Bukoba,

Za siku mama? Huku tupo, joto la Desemba lile lile. Nakuandikia sa hizi kabla sijasahau hata kidogo, yaani jana sikukuu ya Uhuru nimeiona tofauti kabisa na yote sababu nilitoka na bibi.

Unatujua Desemba 9 tunavyokaaga, gwaride kwenye tivii huku tunasubiri pilau. Sasa jana bibi kaamka mapema, kajifunga kanga zake mpya, akasema nipelekeni mjini nikaone vitu vya Nyerere. Basi tukapanda daladala mpaka Posta, af taratibu kwa miguu mpaka Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert. Fuvu la Zinjanthropus, yule zamadamu, lililopatikana Olduvai mwaka 1959 hakukaa nalo, yeye alitaka magari. Lile Rolls-Royce walilopandaga magavana wa Kiingereza, baadaye Mwalimu, alilizunguka mara mbili kimya, akainama kuangalia matairi.

Kwenye picha za 1961 ndo akasimama. Shoga, nimeishi na bibi miaka yote hii na sikuwahi kumuuliza usiku ule wa Uhuru alikuwa wapi! Kumbe alikuwepo, binti wa miaka 14, wametoka Magomeni kwa miguu na mama yake mpaka uwanja ambao leo tunauita Uwanja wa Uhuru, watu wamejaa hakuna pa kupita wakabaki nje ya ukuta, mama yake akachukua pindo la kanga yake akalifunga na pindo la kanga ya bibi ili wasipotezane. Saa sita usiku taa zikazimwa, giza, watu kimya. Zilipowaka bendera ya Mwingereza imeshashuka, iliyo juu ni ya Tanganyika, kijani, njano na nyeusi. Yeye hakuiona maana yuko nje. Anasema alisikia tu mlio wa watu, halafu mama yake akaanza kulia, na vile wamefungwa pamoja kila mama akitikisika na yeye anatikisika.

Alikuwa anaongea taratibu tu lakini watoto wakasogea, na wazazi wao, mpaka tukawa duara. Kuna katoto kakamuuliza bibi kanga ilifungwaje, akachukua pindo lake akalipiga fundo na mtandio wangu pale pale wote wanaona.

Mchana tukapitia Kijiji cha Makumbusho, bibi akakaa kivulini, mi nikaingia kwenye msonge wa Kihaya nikakukumbuka, giza na ubaridi wake ni kama wa kwa babu yako kule.

Na hapo ndo nina neno na wewe. Picha na magari yatakuwepo mwakani na mwaka unaofuata, lakini aliyekuwa na miaka 14 mwaka 1961 piga hesabu mwenyewe sasa ana mingapi. Mi nimemrekodi bibi kwenye simu dakika arobaini na leo usiku naendelea. Na wewe mkalie babu, tafadhali sana, usingoje Krismasi watu wajae nyumbani. Muulize Bukoba walizipataje habari, kama kulikuwa na redio ilikuwa ya nani, nani aliwatafsiria wazee. Muulize kama alisikia habari za Luteni Alexander Nyirenda aliyepandisha mwenge na bendera juu ya Kilimanjaro usiku huo huo, pale kileleni panapoitwa Uhuru. Akikwambia hakumbuki muulize alivaa nini siku hiyo, kwa bibi swali hilo ndo lilifungua kila kitu.

Nitumie hata kama kuku wanawika nyuma, nitamsikilizisha bibi. Anakusalimu, anasema mtandio wangu nisiupige pasi kwanza, pale alipofunga fundo bado pana mikunjo.

Wako,
shoga wa Magomeni