Barua ya wazi kwa Kamishna wa Elimu: Mwalimu apewe muda wa kujifunza, na mwanafunzi afundishwe namna ya kusoma

Kamishna wa Elimu,
Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

Ndugu Kamishna,

YAH: MUDA WA JUMUIYA ZA UJIFUNZAJI NA STADI ZA KUJISOMEA KWA KIDATO CHA KWANZA

Ninakuandikia nikiwa mwalimu wa Biolojia katika shule ya sekondari ya kata, kazi ninayoifanya kwa mwaka wa 17 sasa. Nimechagua kuandika hadharani kwa sababu ninalolisema si la shule yangu peke yake, na kwa sababu ofisi yako inaweza kulishughulikia kwa waraka mmoja, bila kusubiri jengo jipya wala bajeti kubwa.

Mwaka 2005 tulielekezwa kuacha mtaala wa maudhui na kuingia katika mtaala wa umahiri, na mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa kwa awamu mwezi Januari 2024, umeushikilia mwelekeo huohuo. Katika kila andalio la somo ninaloandika, mwanafunzi ndiye anayetenda na mwalimu ni mwezeshaji. Hata hivyo, ukipita madarasani saa nne asubuhi, mara nyingi utamkuta mwalimu, au kiranja kwa niaba ya mwalimu, anaandika notisi ubaoni, na wanafunzi 60 au zaidi wameinamia kaunta buku zao wakinakili neno kwa neno. Kipindi ni cha dakika 40. Kwa miaka mingi mimi mwenyewe nilitumia zaidi ya nusu ya kipindi kwa namna hiyo, nikiamini kwamba mada iliyoandikwa daftarini ni mada iliyofundishwa.

Aliyenitoa katika imani hiyo ni mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili. Daftari lake lilikuwa kamili kuliko yote darasani: vichwa vya habari alivipigia mstari kwa rula na michoro aliiwekea majina kwa wino wa rangi mbili. Katika mtihani wa muhula alipata alama za chini sana. Nilipomwita na kumuuliza alijiandaaje, alinijibu kwa unyenyekevu, "Nilisoma daftari lote mara tano, Mwalimu." Sikuwa na sababu ya kutomwamini. Alikuwa ametimiza kila tulichomwagiza, na katika miaka yake yote ya shule hakuna mwalimu, nami nikiwemo, aliyewahi kukaa naye na kumwonyesha kwamba kusoma daftari na kujifunza ni kazi mbili tofauti.

Tofauti hiyo imepimwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikirudia kusoma katika vipindi vinne. Jingine lilikisoma katika kipindi kimoja, kisha mara tatu likaandika yote linayoyakumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yalikuwa yamegeuka: waliojipima walikumbuka takriban asilimia 61 ya yaliyokuwemo, na waliorudia kusoma asilimia 40. Waliorudia kusoma ndio pia waliokuwa na matumaini makubwa zaidi kwamba wangekumbuka. Nilipolisoma jambo hili nilimwelewa mwanafunzi wangu. Kila alipolifungua daftari maneno yalikuwa yale anayoyajua, naye akadhani kuyatambua maneno ni sawa na kuwa nayo kichwani.

Tangu wakati huo, dakika kumi za mwisho za kipindi changu ni za nusu karatasi. Madaftari yanafungwa, kila mwanafunzi anachana karatasi katikati na kuandika anachokumbuka, kisha anabadilishana na jirani yake, nao wanafungua daftari pamoja kutazama kilichosahaulika. Siwezi kusahihisha karatasi 68 kila siku, na yeyote anayefundisha mikondo minne atanielewa. Ninachukua kumi tu, zangu za kusoma jioni, na kesho yake ninaanzia pale wengi walipokwama. Notisi ninaziandika fupi, na mengine wanafunzi wanayaandika wenyewe kwa maneno yao kutoka kitabuni. Miezi ya mwanzo walilalamika kwamba siwapi notisi, na mzazi mmoja alikuja shuleni kuuliza kwa nini daftari la mwanawe halijai. Swali lake lilikuwa halali, nami nililijibu kwa kumwonyesha zile nusu karatasi.

Ndugu Kamishna, mabadiliko hayo sikuyafikia peke yangu, na hapo ndipo lilipo ombi langu la kwanza. Kupitia MEWAKA, Serikali imetuwekea utaratibu wa mafunzo endelevu kwa walimu kazini, na shuleni tunayo Jumuiya ya Ujifunzaji, yaani kundi la walimu wanaokutana kujifunza wao kwa wao. Siku moja mwenzangu wa Hisabati alikaa nyuma ya darasa langu kipindi kizima. Baada ya somo aliniambia jambo ambalo hakuna semina iliyowahi kuniambia: kwamba ninauliza swali, na kabla mwanafunzi hajavuta pumzi nimekwisha kulijibu mwenyewe. Mtafiti Mary Budd Rowe alilipima jambo hilo katika madarasa ya sayansi miaka ya 1970, akakuta walimu wanasubiri kama sekunde moja tu, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi majibu ya wanafunzi yanakuwa marefu na yenye hoja. Mwenzangu hakuwa amesoma utafiti huo. Alikuwa na macho, saa ya mkononi, na nafasi ya kukaa darasani kwangu.

Nafasi hiyo ndiyo inayokosekana. Jumuiya yetu hukutana saa za jioni, vipindi vikiwa vimekwisha, wakati mwalimu wa zamu yuko na wanafunzi wa usafi, wawili wako kwenye kikao cha kata, na wanaokaa mbali wanawahi gari. Tunasaini mahudhurio, tunapitia moduli kwa haraka, tunatawanyika. Kumwangalia mwenzako akifundisha kunadai muda wa asubuhi, na asubuhi hakuna kipengele cha ratiba kinachoutaja muda huo. Ninaomba waraka wako uelekeze kwamba kila shule itenge ndani ya ratiba ya wiki vipindi viwili vinavyofuatana kwa ajili ya Jumuiya ya Ujifunzaji, kimoja cha kuangalia somo na kimoja cha kulijadili, na kwamba muda huo usiguswe na vikao wala zamu. Kwa kuwa sisi walimu tuko chini ya Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (OR-TAMISEMI) na mafunzo yetu yako chini ya Wizara yako, agizo la upande mmoja pekee hupotea njiani. Ninaomba litoke kwa pamoja.

Ninaomba pia jambo dogo kuhusu wathibiti ubora wa shule, ambao ninawaheshimu na ambao wengi wao walikuwa walimu hodari. Wanapofika shuleni huanza na azimio la kazi, andalio la somo na shajara, na baada ya hapo muda huwa umekwisha. Fomu yao ikimtaka mthibiti achukue madaftari matano bila kuchagua, aulize wanafunzi hao watano walichojifunza wiki iliyopita, na kuandika majibu yao, walimu wote nchini wataelewa mara moja kinachotazamwa.

Ombi la mwisho linahusu kidato cha kwanza, nalo ndilo linalonikosesha usingizi. Mtoto anayetoka shule ya msingi ya Serikali amesoma kwa Kiswahili. Anajua usanisinuru: anaweza kukueleza kwamba jani la kijani hutumia mwanga wa jua, maji na hewa ya kabonidayoksaidi kujitengenezea chakula. Januari anafika kwetu, na maarifa hayohayo yanamjia kwa Kiingereza; kwa kuwa hana namna nyingine ya kujiokoa, anabukua sentensi asizozielewa. Wiki za mwanzo tunazozitenga kwa kozi ya Kiingereza humpa msamiati, na zina faida. Hazimfundishi afanye nini anapokutana na ukurasa mgumu akiwa peke yake nyumbani.

Sitaki barua hii igeuke mjadala wa lugha ya kufundishia, ambao una mahali pake. Ninachoomba kinawezekana ndani ya sera iliyopo: kwamba katika muhula wote wa kwanza, angalau kipindi kimoja kwa wiki kiwe cha stadi za kujisomea, na Taasisi ya Elimu Tanzania iandae kijitabu chake kifupi. Humo mwanafunzi afundishwe kutumia kamusi, kugeuza kichwa cha habari kuwa swali kabla ya kusoma, kufunga kitabu na kujieleza kwa Kiswahili alichoelewa ndipo aandike kwa Kiingereza, na kuigawa kazi ya kujisomea katika siku kadhaa badala ya kuilundika usiku wa kuamkia mtihani. Mwalimu atakayemsikia mwanafunzi akifafanua jambo kwa Kiswahili kwa mwenzake katika hatua hiyo asimwadhibu, na waraka uliseme hilo waziwazi, kwa kuwa katika shule nyingi mtoto huyo huadhibiwa.

Yule mwanafunzi wa daftari zuri amekwisha kuondoka shuleni kwetu. Nusu karatasi za waliomfuata ninazo kabatini, za mihula sita, pamoja na kumbukumbu za masomo tuliyoangaliana sisi walimu watano. Ofisi yako ikizihitaji katika kuandaa waraka, nitazileta Dodoma mwenyewe wakati wa likizo ya Juni.

Wako katika kazi,

Mwalimu wa Biolojia,
Shule ya sekondari ya kata.

Nakala: Katibu Mkuu, OR-TAMISEMI;
Mkurugenzi Mkuu, Taasisi ya Elimu Tanzania.