Kwa mwanangu: kwa nini kushuka mlima kumekuumiza kuliko kupanda

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Nimefurahi kusikia kwamba mlifika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, na kurudi Moshi salama, na nimecheka kidogo kusoma kwamba leo, siku ya pili, unateremka ngazi za hosteli kinyumenyume huku umeshikilia ukuta. Unauliza inakuwaje mapaja yaliyokupandisha hadi mita 5,895 bila kulalamika yakakugomea baada ya kushuka, kazi ambayo kila mtu huiona nyepesi. Kwa kuwa kutwa nashinda na wagonjwa wenye maswali kama hayo katika chumba cha mazoezi ya viungo, nitakujibu kwa urefu.

Msuli hauwezi kusukuma, huvuta tu. Hata unapopiga pushapu na kudhani mikono inaisukuma sakafu, kinachotendeka ni kwamba msuli wa nyuma ya mkono unauvuta mfupa ili kiwiko kinyooke. Ndiyo maana misuli hupangwa kwa kupingana, mmoja ukikunja kiungo na mwenzake ukikinyoosha.

Lakini kuvuta si lazima kuwe kufupika, na hapo ndipo lilipo jibu lako. Ulipokuwa unapanda, msuli wa mbele wa paja ulikaza na kufupika, goti likanyooka, mwili ukainuka. Ulipokuwa unashuka, uzito wa mwili ndio uliokuwa unalikunja goti, na msuli ule ule ulilazimika kukaza ili usianguke, huku ukirefushwa, kama mtu anayeteremsha ndoo kisimani na kamba ikimtoka mikononi kidogo kidogo ilhali ameikamata. Lithibitishe mwenyewe maumivu yakipungua: simama kwenye ngazi, weka kiganja juu kidogo ya goti, kisha shusha mguu wa pili polepole hadi kidato cha chini. Utauhisi msuli chini ya kiganja ukiwa mgumu kadiri goti linavyozidi kukunjika.

Mwaka 1954 makundi mawili ya watafiti, la Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, na la Hugh Huxley na Jean Hanson (akina Huxley hawa hawakuwa ndugu, majina yanadanganya), yalieleza katika jarida la Nature kwamba ndani ya msuli mna nyuzi nyembamba za aktini na nyuzi nene za miosini zinazopishana. Leo tunajua kwamba vichwa vidogo vya miosini huinasa aktini, huivuta, huiachia, kisha huinasa tena mbele zaidi, na kila mzunguko hugharimu nishati. Msuli unaporefushwa ukiwa umekaza, vingi kati ya vichwa hivyo hung'olewa kwa nguvu badala ya kumaliza mzunguko wake. Kwa hiyo msuli huhimili mzigo mkubwa kwa gharama ndogo.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote kuhusu jambo hili ni la mwaka 1952, la Abbott, Bigland na Ritchie. Waliweka baiskeli mbili zisizotembea, kisogo kwa kisogo, wakaziunganisha kwa mnyororo. Mmoja alipiga pedali kwenda mbele, na mwenzake akazizuia pedali zake zilizokuwa zikimrudia. Nguvu kwenye mnyororo ilikuwa ile ile, lakini aliyepiga pedali alitumia oksijeni mara kadhaa zaidi ya aliyezuia.

Sasa utaona kwa nini ulishuka bila kuhema. Tatizo ni kwamba, kwa sababu kazi hiyo ni rahisi kwa msuli, mwili huitia kazini idadi ndogo ya nyuzi za msuli, na kila uzi hubeba sehemu kubwa ya mzigo. Njia ya Mweka inakushusha zaidi ya mita 4,000 katika siku moja na nusu. Katika hatua zote hizo nyuzi hupata michubuko midogo, na maumivu yake hufika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Rafiki yako anayesema ni asidi iliyoganda mapajani amekosea, maana asidi ya laktiki huondoka mwilini ndani ya saa chache. Isingekungoja hadi leo.

Wagumu waliowabebea mizigo walishuka njia hiyo hiyo na kesho yake wakawa tayari kwa safari nyingine. Ni kweli wana nguvu, lakini zaidi ya hapo misuli yao imezoea kushuka. Hata safari moja ya kushuka huukinga msuli kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo ukitaka kurudi mlimani, usijizoeze kupanda tu: chuchumaa kwa kuhesabu hadi nne ukienda chini, teremka ngazi polepole, na uongeze kidogo kila wiki. Vijana wa jimu huinua chuma kwa kelele kisha hukiachia kianguke chenyewe, wakitupa nusu ya zoezi ambalo wamelilipia.

Kwa sasa tembea taratibu, kunywa maji, na usiyakande mapaja kwa nguvu. Nina swali moja, na nimeliweka mwisho ili usilisahau: mkojo wako una rangi gani? Ukiwa wa rangi ya kahawia, kama chai ya rangi, nenda hospitali leo hii, kwa sababu msuli ulioumia sana humwaga protini inayoweza kudhuru figo. Nijibu hilo kwanza, kabla ya kunitumia picha.

Baba yako anakusalimu.

Mama