Kwa mdogo wangu anayepanda Mlimani: wahadhiri uwaone kwa macho yako

Mdogo wangu,

Marahaba. Orodha ya wahadhiri wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliyonitumia nimeisoma yote. Aliyeiandika simjui, ila orodha za namna hiyo nazijua: jina la mhadhiri, na mbele yake maneno mawili matatu. "Huyu anakamata, anafelisha watu." "Huyu A hatoi hata ufe." "Huyu hana shida, testi anarudia za mwaka jana." "Huyu haji darasani, tafuta madesa, notisi za kurithi." Halafu ukaniuliza uwakwepe wapi. Nimeamua kukujibu hadharani kwa sababu najua hukutumiwa peke yako. Kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa, orodha hizi huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi wapya kabla hata hawajajua kumbi za mihadhara za Yombo ziko upande gani wa kilima.

Kwanza, kukwepa huwezi. Mwaka wa kwanza kozi nyingi ni za lazima, na ile kozi ya masomo ya maendeleo, DS, haimuulizi mtu kama anaitaka. Utakaa kwa mhadhiri uliyepangiwa. Kwa hiyo orodha hiyo haikusaidii kuchagua. Kazi yake ni moja tu, kukuingiza darasani ukiwa umeshahukumu.

Wanaoiandika siwalaumu. Mwanafunzi anayesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, ambaye bumu, fedha yake ya kujikimu, likichelewa anakula mlo mmoja, hawezi kumtazama mhadhiri kwa utulivu. Kosiweki, yaani testi na kazi za semista, ina alama 40, UE, mtihani wa mwisho, ina 60, na chini ya 40 kwa jumla umekamatwa. Ukikamatwa unarudi kufanya sapu, mtihani wa marudio, wakati wenzako wako nyumbani. Zikizidi, unadisko, yaani unaondolewa chuoni, na deni la Bodi linabaki shingoni hata kama digrii hukuipata. Huku juu nako hesabu ni kali: ukitaka kubakizwa chuoni kama mkufunzi msaidizi, GPA, wastani wa matokeo yako yote, chini ya 3.8 haikufikishi. Yote hayo yamo mikononi mwa mtu mmoja mwenye kalamu nyekundu ambaye huenda hata jina lako halijui. Hofu hiyo ni ya haki kabisa.

Lakini soma tena orodha yako. Kila neno lililomo linajibu swali moja: nani atanipa alama? Hakuna hata mmoja aliyeandika nani anafundisha. Na wewe, mdogo wangu, unakwenda kusomea ualimu. Baada ya miaka mitatu utasimama mbele ya watoto wa kidato cha pili na chaki mkononi. Kama miaka yote mitatu utakuwa umewatazama walimu wako kwa swali la alama peke yake, utakuwa umekaa karibu na mafundi wa kazi yako bila kuangalia wanavyofanya.

Nikupe mfano wa kwangu. Chuo nilichosoma mimi, ambacho jina lake naliacha, kulikuwa na mwalimu wa historia ambaye sifa yake ilikuwa mbaya kuliko wote. Tulimkuta tayari amebatizwa jina la mkatili na watu wa miaka ya juu. Insha yangu ya kwanza ilirudi na C. Ilirudi pia na maandishi yake pembeni mwa kila ukurasa, herufi ndogo zilizolala, wino mwekundu: "Nani kasema?" "Hiki ni chanzo au ni maoni yako?" "Aya hii na ile ya juu zinapingana, chagua." Mwishoni aliandika aya nzima akinieleza kwamba hoja yangu ya kweli ilikuwa imejificha ukurasa wa nne, na kwamba nilipaswa kuanza nayo. Darasa lilikuwa na watu wengi, na kila mmoja alirudishiwa karatasi iliyosomwa namna hiyo. Semista hiyohiyo mhadhiri mwingine, kipenzi cha wote, alitugawia A na B+ bila karatasi kurudi hata moja. Kwake yeye mpaka leo sijui nilipatia nini. Kwenye orodha kama yako, wa kwanza ndiye wa kuogopwa na wa pili ndiye wa kukimbiliwa.

Hapo Mlimani unapokwenda, wanafunzi hawakuwapima walimu wao hivi siku zote. Mwaka 1967 wanafunzi waliunda umoja wao wa kimapinduzi, USARF, ambao mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni, wakati huo kijana tu wa masomo ya siasa. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alikuwa akifundisha historia hapo, na Jumapili, siku ambayo hakuna mtu wa kukupa alama, wanafunzi walikaa na wahadhiri kwenye madarasa ya itikadi wakisoma na kubishana. Mwaka 1969 waliogombana na Kitivo cha Sheria waligombana juu ya kile kinachofundishwa: kwa nini mtoto wa Tanzania huru asomeshwe sheria kana kwamba anaandaliwa kwenda kufanya kazi London? Mwaka huohuo wakaanzisha jarida lao, Cheche, na mwaka 1970 likapigwa marufuku. Sisemi walikuwa malaika. Walikuwa wachache, na wengine walikuwa wakali kwa walimu wasiokubaliana nao kuliko ilivyostahili. Lakini mhadhiri walimuuliza anafundisha nini na kwa faida ya nani, na mimi swali hilo nalitamani lirudi vimbwetani, kwenye vile viti vya zege wanafunzi wanakokaa kusoma na kupiga soga.

Mabadiliko yana sababu, na kubwa ni wingi. Siku ya kwanza ya kozi ya pamoja utaona mwenyewe: watu wamejaa mpaka ngazini, wengine wamesimama mlangoni na madaftari yamebandikwa ukutani, kipaza sauti kinakoroma, na aliye nyuma anaandika anachohisi kimesemwa. Tuseme darasa lina wanafunzi 600. Mhadhiri akiisoma kila karatasi kwa dakika 15 tu, ni saa 150 za kusahihisha, na hiyo ni testi moja ya kozi moja. Ndiyo maana mtu utakayemwona uso kwa uso zaidi ni mkufunzi msaidizi wa semina, pengine kijana aliyemaliza juzi, anayebeba bahasha za kaki zilizojaa karatasi mpaka kwenye daladala. Mheshimu huyo. Wanafunzi wengi humdharau kwa sababu bado si "Dokta", na kumbe ndiye anayesoma kazi zao.

Jambo jingine ambalo wanafunzi hatuambiwi ni jinsi watu hawa wanavyopanda. Kutoka mkufunzi msaidizi hadi mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki hadi profesa kamili, kinachohesabiwa sana ni machapisho. Makala iliyotoka kwenye jarida la kitaaluma inampandisha mtu kuliko muhula mzima wa kufundisha vizuri. Kwa hiyo anayejitoa kwa ajili ya darasa lako anafanya hivyo kwa hiari yake zaidi kuliko kwa kusukumwa na mfumo. Mimi naona hilo ni kosa kubwa la vyuo vyetu, na nalisema bila kusita. Halafu wapo wanaoitwa serikalini: Profesa Palamagamba Kabudi alitoka kufundisha sheria hapo Mlimani akawa waziri mwaka 2017, na Profesa Kitila Mkumbo mwaka huohuo akawa katibu mkuu wa wizara. Nchi inawahitaji, sawa. Ila wanafunzi wanabaki kumwona mwalimu wao kwenye taarifa ya habari.

Na kuna jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Mhadhiri akimaliza anauliza, "Kuna swali?" Ukumbi mzima kimya. Baadaye vimbwetani unasikia, "Yule hafundishiki, haeleweki." Mbona hukuuliza? Ukichimba, tatizo mara nyingi ni Kiingereza. Mtu ana swali zuri kabisa kichwani, anaogopa kulisema vibaya mbele ya watu mia tano wakacheka. Kwenye kozi zako za Kiswahili kule TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ambako mhadhara ni kwa Kiswahili, sikiliza tofauti: watu walewale waliokuwa bubu Yombo asubuhi wanabishana mpaka mwalimu anawaomba wapokezane. Kwa hiyo ukikwama kwenye kozi ya Kiingereza, usikae na swali. Mlangoni mwa ofisi ya mhadhiri huwa pamebandikwa karatasi ya saa za kuonana na wanafunzi. Nenda, bisha hodi, uliza kwa lugha yoyote itakayokutoka. Wengi watakushangaa kwa sababu hakuna anayekwenda, na watakusaidia.

Sasa usije ukadhani nawatetea wote. Wapo wanaokuja mara chache semista nzima kisha wanamaliza silabasi kwa kurusha PDF usiku wa kuamkia UE. Wapo wanaosoma maandishi ya manjano waliyoandika kabla hujazaliwa. Mimi mwenyewe, chuo hichohicho nisichokitaja, matokeo yalitoka kosiweki yangu haipo. Nilikwenda kwa mhusika nikiwa na testi yangu iliyosahihishwa na kopi yake. Akaniuliza kama nimekwenda kumfundisha kazi. Nilipeleka kopi kwa mkuu wa idara, nikaandika barua, nikaomba igongwe muhuri wa kupokelewa, nikabaki na nakala. Ilichukua semista nzima lakini alama ziliingia. Wenzangu waliopotelewa kama mimi na hawakutunza karatasi walifanya sapu ya mtihani waliokuwa wameshafaulu. Kwa hiyo kila kilichosahihishwa kikikurudia, tunza, piga picha, weka. Saini kila karatasi ya mahudhurio.

Na sasa lile ambalo mama mkubwa alininong'oneza nikuambie, na mimi sitalinong'ona. Rushwa ya ngono ipo vyuoni. Novemba 2018, Rais Magufuli alipokuwa anakwenda kufungua maktaba mpya hapo Mlimani, aliyeandika Twitter kwamba tatizo hilo limezidi alikuwa mhadhiri wa hapohapo, Dkt. Vicensia Shule, na baadaye akaitwa kujieleza. Angalia nani alisema: mwalimu. Wanafunzi tulikuwa tunayajua majina tukiyapitisha kwa utani, "ukienda kwa yule usifunge mlango", kana kwamba ni hali ya hewa. Si utani, ni kosa la jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamtaja mtu anayetumia mamlaka yake kudai ngono. Akikupangia kuonana nje ya ofisi, au akikuandikia meseji za usiku kuhusu alama, usifute kitu. Zihifadhi, nipigie mimi saa yoyote, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba yao ni 113, haina malipo. Usikubali mtu akuambie kwamba utajiharibia masomo. Anayeyaharibu ni yeye. Na akiwa kaka wa darasani kwako ndiye anayedaiwa fedha ili "asaidiwe", hiyo nayo ni rushwa vilevile.

Mwisho wa semista mtatakiwa kujaza tathmini ya mhadhiri. Hapa ndipo ninapokasirika na wanafunzi wenzangu. Mtu aliyelalamika vimbwetani miezi minne anaifungua fomu, anabofya "vizuri sana" mstari kwa mstari kuanzia juu hadi chini ili amalize, anarudi kulalamika. Au anajaza "vibaya sana" kote kwa sababu testi ilikuwa ngumu. Mkuu wa idara akiisoma ataona nini? Wewe andika kinachoonekana: wiki zipi hakuja, testi ilirudishwa lini, mfano gani aliutoa ukakufungua kichwa, mada gani aliiruka na bado ikaulizwa. Mzuri naye mwandikie, tena kwa kirefu, kwa sababu yule anayesahihisha kila ukurasa bila kupandishwa cheo kwa hilo hana mahali pengine pa kusikia kwamba tuliona.

Orodha yako nimeifuta kwenye simu yangu. Nunua daftari moja dogo, na kila baada ya mhadhara andika mistari miwili: leo amefundisha nini, na amekifundishaje. Wiki ya tano ikifika utakuwa na orodha yako, na hiyo ndiyo nitakayotaka kuisoma. Picha za pasipoti na kopi za vyeti beba nyingi, siku za usajili foleni ya kutoa kopi ni ndefu. Mpe mama mkubwa shikamoo yangu, na mwambie ukifika Magufuli stendi nitakuwepo.

Dada yako